Kuzunguka Bustani ya Entebbe na mama mwenye goti bovu: shukia wapi, pandia wapi

Swali: Ninaishi Ntinda, Kampala. Mama yangu anakuja kutoka Tanga kukaa nasi mwezi mmoja. Ana miaka 67, ni mzima wa afya, ila goti la kulia humsumbua akitembea sana. Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 10. Ningependa tumpeleke mahali pa kutembea taratibu kando ya ziwa, penye miti na ndege, tuzunguke na kurudi pale pale tulipoanzia bila kupita njia moja mara mbili. Tunafikiria Jumapili. Twende wapi, na tupite vipi?

Jibu: Dada, mpeleke mama kwenye Bustani ya Mimea ya Entebbe. Sehemu nyingine zinazosifiwa hazifai msafara kama wenu. Ghuba ya Mabamba ni nzuri mno, na ndiko watu wanakomfuata ndege aitwaye korongo-nyangumi, lakini kule hamzunguki kwa miguu. Mnakaa kwenye mtumbwi kwa muda mrefu, magoti yamekunjwa. Msitu wa Mpanga, ulio barabara ya Masaka karibu na Mpigi, una njia za kivuli za kupendeza, ila ziwa hakuna, na mizizi imetapakaa njiani. Kinamasi cha Bigodi, kando ya Msitu wa Kibale, kwangu mimi kina mojawapo ya mizunguko iliyopangwa vizuri zaidi nchini, lakini kiko magharibi kabisa, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenu, na mama atafika amechoka kabla hajapiga hatua ya kwanza. Entebbe iko kilomita 40 hivi kutoka Kampala, na mnarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Bustani hii ilianzishwa mwaka 1898, Entebbe ilipokuwa makao ya serikali ya kikoloni, ili mimea ya biashara, matunda na maua kutoka nchi za mbali ifanyiwe majaribio kabla ya kusambazwa nchini. Leo iko chini ya NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Historia hiyo ndiyo inayowafaa ninyi. Kwa kuwa pamekuwa shamba la majaribio, miti ilipandwa kwa nafasi, nyasi hufyekwa, barabara za ndani zipo, na pamebakia kipande cha msitu wa asili wa ukingo wa ziwa. Ukubwa wake ni hekta 40 hivi. Eneo hilo lingekuwa mraba, kila upande ungekuwa na mita 630, na kuuzunguka wote ni kilomita mbili na nusu. Ongeza michepuko ya hapa na pale, mtafika kilomita tatu. Mwenye haraka angemaliza kwa saa moja. Ninyi jiwekeeni muda wa saa tatu, pamoja na vituo vya kupumzika.

Sasa lililo kubwa kuliko yote, yaani upande wa kuanzia. Lango liko juu, ziwa liko chini. Kila mzunguko pale una kushuka kumoja na kupanda kumoja, na watu wenye wazee huwaza kupanda tu, wakidhani ndiko kwenye taabu. Kwa goti bovu ni kinyume chake. Mtu akishuka, goti hukunjwa huku limebeba mwili na kuuzuia usiporomoke, hatua baada ya hatua. Akipanda, kinachochoka ni mapaja na pumzi, na pumzi hurudi akisimama dakika mbili. Goti likishavimba, siku imekwisha. Kwa hiyo shukeni kwa barabara ya ndani ambayo magari hupita, iliyo imara na yenye mteremko mpole, na mpande kwa upande wa msitu, wenye kivuli. Mkifika langoni, mwambieni mhudumu awaonyeshe mambo mawili tu: barabara hiyo ya kushukia ziwani, na upande ulipo msitu. Mengine mtayaona wenyewe, kwa sababu bustani ni ya wazi na si rahisi kupotea.

Mpango huu unaafikiana na saa pia. Asubuhi nyasi zina umande, na nyasi zenye umande kwenye mteremko huteleza vibaya, ndiyo maana nasema mshuke kwa barabara, msikate njia katikati ya bustani hata mkiona watu wanafanya hivyo. Jua nalo asubuhi bado ni pole, kwa hiyo sehemu ya wazi mnaimaliza mapema. Likifika saa tano na kuanza kuchoma, ninyi mko msituni.

Mama atembee na fimbo hata akisema haihitaji. Fimbo ya goti la kulia hushikwa mkono wa kushoto. Wengi huishika upande unaouma, na hapo mwili huinamia goti lile lile na kulizidishia mzigo. Urefu wake upimeni nyumbani: asimame wima amevaa viatu vyake, mkono ukining'inia, na kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kiganja na mkono. Kwenye mteremko, fimbo na mguu mbovu hutangulia, mguu mzima hufuata. Kwenye kupanda, mguu mzima hutangulia. Afanye mazoezi uani kwa siku mbili tatu kabla ya safari. Viatu viwe vya kufunika kidole, vyenye soli ya meno. Kandambili na viatu vya ibada vya ngozi laini avibakize garini.

Mkiingia kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, kazi ya kwanza ni kutazama juu. Mbega weusi na weupe, ambao watu wa Buganda huwaita ngeye na ambao ni alama ya ukoo wao mmoja mkubwa, hupenda kukaa vileleni kuota jua baada ya usiku wa baridi. Hula majani zaidi kuliko matunda, na majani huchukua muda mrefu kusagika tumboni, kwa hiyo hutumia sehemu kubwa ya siku wakiwa wamekaa tu. Hilo ni bahati kwa mtoto wa miaka 6, maana mnyama hamkimbii. Mwambieni atafute mtoto mweupe pe: mbega huzaliwa mweupe, kisha huanza kubadilika rangi baada ya wiki kadhaa. Mtoto wa miaka 10 mpeni swali gumu zaidi, atazame mkono wa mbega na kusema kinachokosekana. Hana kidole gumba cha kuonekana.

Tumbili ni habari nyingine. Hao wa kijivu, wenye uso mweusi, wamezoea watu na wanajua mfuko wa plastiki una nini. Sauti ya karatasi ya biskuti ikifunguliwa inatosha kuwateremsha. Chakula kikae ndani ya begi lenye zipu, kisitolewe isipokuwa mkiwa mmekaa pamoja, na mtoto asitembee na ndizi mkononi. Tumbili akikipata, mwachieni. Hung'ata anaponyang'anywa, na jeraha la meno ya tumbili ni la kwenda nalo hospitali siku hiyo hiyo, baada ya kuliosha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kwa sababu ya kichaa cha mbwa na uambukizo mwingine. Wala msiwarushie chakula kwa huruma. Kila anayewalisha anamwachia tabu mgeni wa kesho.

Mkiwa mnashuka mtamsikia ndege aitwaye shorobo mkubwa wa buluu kabla ya kumwona, kwa mlio mzito unaorudiarudia. Ana urefu wa sentimita 75 hivi, na hakuna shorobo mkubwa kumzidi. Si hodari wa kuruka. Hukimbia juu ya tawi kama kuku, kisha hujiachia na kuelea hadi mti mwingine, na hapo ndipo mnapata nafasi ya kumwona vizuri. Hondohondo mtawatambua kwa sauti ya mabawa, maana hewa hupita kwenye manyoya yao kwa kishindo. Darubini ya mara 8 inatosha, na kwa watoto ni bora kuliko ya mara 10, kwa kuwa mikono yao hutikisika na mkuzo mkubwa hukuza mtikisiko pia.

Ziwani, mama wa Tanga atatafuta maji kupwa na kujaa, na hatayaona. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa macho ya mtu. Lenyewe hubadilika kwa misimu na kwa miaka: mvua nyingi katika bonde lake huliinua, ukame hulishusha. Mwezi Mei 2020 lilifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha usawa wa maji kilichoko Jinja, likaipita rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda tena zaidi ya hapo. Sehemu nyingi za ukingo zilizokuwa nyasi za kukalia ziligeuka maji au tope. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekuchorea njia ya ufukweni kwa hatua na mita. Ukingo wa mwaka huu si wa miaka mitano iliyopita. Kanuni ya kufuata ni hii: tembeeni pale ambapo nyasi ni fupi na ardhi ni ngumu, na mkifika penye mafunjo au matete, chomeni ardhi kwa fimbo kabla ya kukanyaga. Fimbo ikizama zaidi ya upana wa vidole vitatu, rudini juu kidogo na mzunguke.

Na sasa naomba unisikilize sana, dada, kwa sababu ya watoto. Mtoto akiona mchanga na maji atavua viatu. Msimruhusu, hata kwa kulowesha nyayo. Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hukua ndani ya konokono wadogo wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hasa palepale ukingoni watoto wanapochezea. Hutoka ndani ya konokono kukiwa na mwanga, na wingi wao ni mchana wa jua kali. Hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, kwa dakika chache, bila maumivu. Si lazima kunywa maji. Baharini hakuna ugonjwa huu kwa sababu konokono hao hawaishi kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana mtu wa pwani hana mazoea ya kuuogopa. Ikitokea mtoto akaingia, msifadhaike: mfuteni kwa nguvu mara moja, ingawa kufuta si kinga ya uhakika, kisha mwandike tarehe. Baada ya wiki sita hadi kumi na mbili apelekwe kituo cha afya kupimwa. Kupima mapema zaidi kunaweza kutoonyesha kitu, kwa sababu mayai huwa bado. Dawa ipo, huitwa prazikwanteli, na hutibu vizuri.

Ukingoni kuna mengi ya kutazama bila kugusa maji. Furukombe, mwenye kichwa cheupe, hukaa kwenye mti mrefu unaotazama ziwa na hutupa kichwa nyuma anapolia. Tai wa mawese naye hupatikana hapo, ndege wa ajabu katika ukoo wa wala nyama, kwa kuwa chakula chake kikuu ni tunda la mchikichi. Fundichuma mtamjua kwa kiota: lundo la vijiti lenye ukubwa wa kumtosha mtoto kukaa ndani, kwenye panda la mti. Lakini kwa watoto wenu hakuna kitakachowazidi kwera. Pale wapo wa aina kadhaa, pamoja na wale wa rangi ya machungwa wanaopenda ukingo wa ziwa. Kaeni mbele ya mti wenye viota kwa dakika 15, mama akinyoosha mguu. Dume hufuma kwa majani mabichi, hujining'iniza chini ya kiota akipiga mabawa, jike huja kukagua. Jike akikikataa, dume hukibomoa baada ya siku kadhaa na kuanza upya. Viota vilivyo juu ya maji ni ulinzi dhidi ya nyoka.

Jambo moja la mwanga. Ziwa liko upande wa mashariki wa bustani, kwa hiyo asubuhi jua hutokea majini. Ukitazama ndege aliye kati yako na maji utaona kivuli cheusi tu, na picha za simu zitatoka hivyo hivyo. Geukeni, ziwa liwe mgongoni, mtazame miti ya nchi kavu iliyopigwa na jua. Ukitaka picha ya mama na ziwa nyuma yake, subirini jua lipande, au asimame ubavu.

Wakati mwingine mtakuta wingu la sami, wale vijidudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi. Hawaumi wala hawaleti ugonjwa, ila huingia puani na mdomoni. Fungeni midomo, mama ajifunike kwa ncha ya mtandio, mpite.

Kutoka ukingoni ingieni msituni. Giza lake litawashangaza: hatua kumi, na joto linapungua. Hapa mwendo uwe wa mama, si wa watoto. Mizizi ya miti mikubwa imeinuka kama kuta, na mingine imelala njiani chini ya majani makavu. Mtu mzima mmoja atangulie akitazama chini, na akisema "simameni", neno hilo liwe na maana kweli. Anachotafuta ni utepe wa kahawia unaotembea, yaani siafu. Hutoka zaidi baada ya mvua, na huvuka njia kwa msururu. Msururu mwembamba unarukwa. Uliotawanyika kwa upana wa hatua kadhaa haurukwi na mtu mwenye fimbo, rudini, mzunguke. Suruali zikiingizwa ndani ya soksi, mtapata muda wa kuondoka kabla hawajafika ngozini. Wakishapanda, kosa ni kusimama papo hapo na kuanza kuwapangusa. Kimbieni kwanza hadi penye ardhi tupu, kisha muwang'oe mmoja mmoja kwa vidole. Kupangusa hakusaidii, kwa sababu huwa wameshika kwa taya.

Watoto wasichume wala kuonja kitu, hata tunda wanalodhani wanalijua. Hii ni bustani ya mimea kutoka nchi nyingi, na mingine ina utomvu unaounguza macho au mbegu zenye sumu. Mkeka msiutandike chini ya mfenesi wala chini ya mti wenye matawi makavu.

Mkitoka msituni mtapanda kuelekea langoni. Mama apumzike kila anapotaka, kabla hajaombwa. Mpango wa dharura uwe tayari tangu mwanzo: magari huruhusiwa kuingia bustanini kwa malipo yake, kwa hiyo anayebaki na gari awe na simu yenye chaji, na goti likigoma mkiwa chini, gari lishuke kumchukua. Mama akijua hilo lipo, atatembea kwa moyo mwepesi zaidi.

Maji bebeni lita moja kwa kila mtu mzima na nusu lita kwa kila mtoto, na zaidi kama ni Januari au Februari. Nguo ziwe za mikono mirefu, mpake dawa ya kufukuza mbu, maana malaria ipo Entebbe. Kofia, na shilingi taslimu za noti ndogondogo kwa ajili ya kiingilio, gari na mwongoza wageni. Raia na wageni hutozwa viwango tofauti, kwa hiyo mama achukue pasipoti yake ya Tanzania, nawe kitambulisho chako. Mwongoza wageni ni pesa iliyotumika vizuri, kwa sababu ndiye anayejua mti gani una matunda wiki hiyo, na penye matunda ndipo penye ndege. Patana naye bei na muda kabla ya kuanza, na uulize kama yupo anayezungumza Kiswahili ili bibi na wajukuu wote wafaidi. Malizeni haja kabla ya kuanza kushuka.

Kuhusu mvua: usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani, hewa hukutana juu ya maji na kupanda, na radi hutengenezwa huko. Alfajiri na asubuhi dhoruba hizo mara nyingi hufika Entebbe, hasa Aprili na Mei. Kwa hiyo mkiamka na mngurumo upande wa ziwa, msiahirishe safari, icheleweshe. Mara nyingi kufikia saa nne mbingu imefunguka. Mkishikwa na radi mkiwa ndani, ondokeni kwenye nyasi za wazi, msijifiche chini ya mti uliosimama peke yake, ingieni garini mfunge vioo.

Jumapili inafaa, ila iwe asubuhi. Kuanzia saa saba hivi familia na vikundi huingia na vyakula na muziki, maharusi huja kupiga picha, na ndege hujitenga. Kama watoto wako likizo, siku ya kazi ni bora zaidi.

Kutoka Ntinda shikeni barabara ya mchepuko ya kaskazini hadi Busega, kisha barabara ya kulipia ya Entebbe. Gari dogo hulipa shilingi 5,000 kwa safari moja. Barabara ya zamani ya Kajjansi ni ya bure, lakini matuta na foleni yake vitamkalisha mama muda mrefu goti likiwa limekunjwa, na goti lililoganda ni baya kuanza nalo mteremko. Hata mkipita barabara ya kulipia, mkifika mtembezeni dakika tano mahali tambarare kabla ya kushuka. Mkienda kwa taksi, yaani basi dogo la abiria, shukeni Kitooro, mjini Entebbe, mkodi gari dogo la kuwafikisha langoni. Boda kwa mtu mwenye goti na fimbo sishauri. Wakati wa kurudi, tokeni Entebbe kabla ya saa tisa, kwa sababu Jumapili jioni magari ya waliokwenda fukweni huanza kurudi Kampala kwa pamoja. Jioni hiyo mama ainue mguu juu ya mto na aweke kitambaa chenye barafu kwenye goti dakika 15, hata kama hasikii maumivu.